Vinubi Vilivyotundikwa Mitini

(Mazungumzo ya jioni redioni. Somo: Zaburi 137)

Twawasalimu nyote mlioko Msambweni, Ukunda, Kinango na Lunga Lunga, na ninyi pia mliovuka feri jioni hii mkitoka kazini, mkaketi karibu na redio mkingoja chakula. Neno letu la leo latoka katika Zaburi ya 137. Mwenye Biblia na aifungue. Asiye nayo na asikilize tu, maana habari yenyewe ni fupi.

Katika Zaburi hiyo twawakuta mateka. Yerusalemu ulikwisha kuanguka, yapata mwaka 586 kabla ya Kristo kuzaliwa. Hekalu lilichomwa moto, na watu wakapelekwa mbali mpaka Babeli. Sasa wameketi penye maji ya nchi ngeni, wanalia. Vinubi vyao wamevitundika mitini. Kisha waja wale waliowateka, nao wana haja moja: wataka kuburudishwa. Wawaambia mateka wawaimbie zile nyimbo za kwao, tena zile za kuchangamsha. Na mateka wajiuliza watawezaje kuimba, katika hali kama ile, mbele ya watu kama wale.

Twadhani watu wa pwani ya kusini waweza kuielewa Zaburi hii upesi kuliko wengi. Kwetu kumwimbia mgeni ni kazi, kama kuvua samaki au kupanda minazi. Toka Tiwi mpaka Galu, jioni ikiingia, utawakuta vijana wetu wamevaa mashati ya maua, gitaa mkononi, wakipita meza kwa meza. Hatusemi kwamba wageni ni Wababeli, la hasha! Fedha za wageni zimewalipia karo watoto wengi wa Kwale, na wazee walinena vema waliposema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wala wapiga gitaa wa Diani si mateka. Lakini kuna jambo moja lililo sawa: mwimbaji hatakiwi kuleta huzuni yake mezani. Akiwa amefiwa jana, ataimba. Akiwa hajalipwa miezi miwili, ataimba, tena kwa tabasamu.

Mama mmoja wa upande wa Msambweni alitujia baada ya ibada akiwa na swali. Mwanawe ni mpiga gitaa. Kwa miaka mingi amepiga hotelini Diani, lakini siku hizi huitwa mara moja moja tu, msimu ukiwa mzuri. Akiwa nyumbani huketi gizani na simu yake, akisikiliza nyimbo za majonzi, zile zile, hata usiku wa manane. Mama akatuambia, "Mchungaji, nyimbo zile zina roho ya kukata tamaa. Nimwambie azifute? Mbona haimbi za kanisa?"

Siku ile tulimwambia neno moja tu, kwamba asimnyang'anye kijana simu yake. Leo twajaribu kumjibu yeye, na wazazi wengine walio na swali kama lake.

Hebu tuzitazame kwanza nyimbo mbili ambazo kijana kama huyo huzipiga karibu kila apandapo jukwaani. Wa kwanza ni "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzishwa na ndugu wa huko Kaloleni, na kutolewa mwaka 1982. Mgeni anasalimiwa, anajuliwa hali, anahakikishiwa kwamba hapa hakuna taabu. Ni wimbo mzuri wa makaribisho, wala hatuna neno juu yake.

Wa pili ni "Malaika". Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi yapata mwaka 1960, ingawa watu wamebishana kwa miaka mingi ni nani hasa aliyeutunga kwanza. Wageni huuomba sana. Huinuka wakacheza polepole, wamekumbatiana, na hata harusini hupigwa. Wachache miongoni mwao wajua unasema nini. Ni kilio cha kijana maskini! Ampenda msichana, mali ya kumwolea hana, basi amebaki na upendo wake mikononi. Wimbo unafika mwisho naye bado hana kitu. Hapatokei mjomba mwenye ng'ombe wa mahari.

Na kuna ajabu nyingine. Lilikuwako kundi moja lililoundwa Ujerumani, jina lake Boney M. Mwaka 1978 kundi hilo liliieneza duniani kote Zaburi yetu ya 137, kwa mdundo wa disko. Wimbo wenyewe ulikuwa wa Wajamaika, kundi la Melodians, walioutoa mwaka 1970. Mwaka 1981 Boney M wakaimba "Malaika". Mwaka 1983 wakaimba ule wa "Jambo". Kilio cha mateka, kilio cha maskini, na salamu za hoteli, vyote vitatu vikapitia mikono ile ile na kutoka vikiwa vya kuchezea. Hatuwalaumu, walikuwa wakifanya biashara yao. Lakini wengi wa rika letu tuliujua ule wa Babeli kwa miguu, katika dansi, kabla ya kuisoma Zaburi yenyewe.

Basi mama yetu aogopa huzuni iliyomo katika nyimbo. Sisi twaogopa zaidi huzuni isiyosikiwa na mtu. Kijana huyu amepiga "Malaika" mara elfu mbele ya watu wanaokula kamba na pweza, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Je, na wewe umeshindwa kuoa?" Arudipo nyumbani, akizima taa na kusikiliza mtu mwingine akilia, labda hiyo ndiyo saa pekee katika juma ambapo nyimbo zasema kweli mbele yake.

Maana sababu za kulia zipo. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na familia nyingi zilizokula kwa miwa zikabaki zikitazama mashamba yakigeuka msitu. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa. Katika majuma yaliyofuata watu waliuawa, nyumba na vibanda vikachomwa mpaka upande wa Ukunda, na maelfu wakakimbia, wengi wao watu wa bara waliokuwa wamekaa nasi miaka na miaka. Walilala uwanjani mwa kanisa pale Likoni na watoto wao. Kisha polisi wakafanya msako, na vijana wengi wa Kidigo wakakamatwa na kupigwa, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Wageni wakaacha kuja. Hoteli zikafunga milango, na waliokuwa wamepona panga wakapigwa na njaa. Ule mwaka 2020 maradhi ya korona yakafunga hoteli tena, na mwezi wa Aprili watu wakakatazwa kutoka au kuingia Kwale. Mwisho wa mwaka 2024 uchimbaji wa madini ya titani huku Kwale ukakoma, baada ya kazi ya miaka kumi na zaidi. Mtu aliyezaliwa Msambweni mwaka ule wa Ramisi kufungwa ameyaona yote haya, na bado hajafika makamo ya kuitwa mzee.

Juu ya mwaka 1997 twataka kusema neno, ingawa si neno jepesi. Zaburi ya 137 ina mwisho ambao Boney M hawakuuimba, wala katika makanisa yetu hausomwi mara nyingi. Mateka wale, baada ya kulia, wamwambia Mungu jinsi wanavyotamani Babeli ulipwe kisasi, hata juu ya watoto wachanga. Ni maneno ya kutisha. Tulipokuwa tukiwatembelea waliochomewa nyumba tulisikia maneno ya namna hiyo, na katika nyumba za vijana waliopigwa tukayasikia pia, kutoka kinywa kingine. Mateka wa Babeli hawakuyapeleka maneno yale kwa panga. Waliyapeleka kwa Mungu, wakayaacha kwake, na Mungu hakuona haya kuyatia katika kitabu chake. Ajuaye kumlilia Mungu hivyo hana haja ya kumvizia jirani yake njiani.

Sasa tutazame tumaini. Watu wale wa Babeli waliletewa matumaini ya namna mbili, na habari yake yapatikana katika Yeremia, sura ya 28 na ya 29. Alikuwako nabii aitwaye Hanania. Huyu alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akaivunja nira aliyokuwa ameivaa Yeremia shingoni, akatangaza kwamba katika miaka miwili mambo yote yatakuwa yamekwisha: vyombo vya hekalu vitarudi, mateka watarudi, mfalme atarudi. Twaweza kukisia jinsi watu walivyoshangilia. Hata Yeremia mwenyewe aliitikia, akisema angependa iwe hivyo. Lakini haikuwa hivyo. Hanania aliwaimbia watu wimbo wa hoteli! Kisha Yeremia akawaandikia mateka barua. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea heri mji ule ule uliowateka, maana ilikuwa imebaki miaka sabini.

Miaka sabini, ndugu msikilizaji! Mwenye miaka thelathini siku barua ilipofika alijua kwamba hatarudi. Aya ya 11 ya sura ile, ile ya mawazo mema ya Mungu juu yetu, imeandikwa kwenye kalenda nyingi na nyuma ya matatu za Ukunda. Ile ya 10, yenye hesabu ya miaka, hatujaiona kwenye matatu yoyote. Walakini tumaini la kweli liko katika zote mbili. Aliyeambiwa miaka miwili ataketi juu ya mizigo yake, na mwaka wa tatu moyo wake utapasuka. Aliyeambiwa sabini atatafuta jembe.

Kwa hiyo, mama, kuna nyimbo za furaha zinazokata tamaa kuliko nyimbo za majonzi, kwa sababu zaahidi kesho kitu ambacho kesho haitakileta. Na nyingine, twasikitika kusema, zaimbwa kanisani. Siku hizi kwaya nyingi zina kinanda cha umeme na vipaza sauti vya kuweza kuwaamsha watu wa Wasini, na kila wimbo ni wa ushindi, baraka na gari jipya. Twapenda shangwe, Biblia yaiamuru. Lakini mama aliyefiwa Ijumaa, akija Jumapili, ataimba nini? Wazee wa Kimijikenda walikuwa na ngoma yao ya matanga, kifudu, maana walijua kwamba mwili uliofiwa wahitaji mahali pa kulilia. Katika Zaburi, zile za maombolezo ni nyingi kuliko za namna nyingine yoyote. Isome ya 88. Yaanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo neno la kufariji mwishoni. Kitabu cha Maombolezo kina sura tano. Tumaini lachomoza katikati, sura ya tatu, kama jua kati ya mawingu ya masika, kisha kilio charudi, na kitabu chaisha kwa swali. Aliyekusanya maandiko hayo angeweza kulihamisha lile tumaini mpaka mwisho, ili watu waende nyumbani wamefurahi. Hakulihamisha.

Hatusemi kila wimbo wa majonzi ni mwema. Zipo zinazompa mwanamke lawama ya kila kitu. Zipo zinazomwonyesha kijana dawa iliyo katika chupa au katika kibuyu cha mnazi. Zipo zinazoipenda huzuni kama mtu akwaruzaye kidonda kwa kuwa akisikia utamu. Mzazi ana haki ya kuziuliza nyimbo hizo maswali. Tofauti tuionayo sisi ni hii: Zaburi ya 88, ingawa ni nyeusi kuliko zote, ina mtu inayemwita. Tangu mstari wa kwanza yamtaja Mungu na kumlalamikia usoni. Wimbo wa kijana yule wamwita msichana aliyekwisha kuolewa, au haumwiti mtu kabisa, walia hewani. Kilio ni kile kile, ila hakina mlango wa kubisha.

Basi mama, usimwambie azifute. Keti naye usiku mmoja. Mwombe akupigie wimbo mmoja kati ya hizo, kwa gitaa lake, usikilize mpaka mwisho pasipo kumkatiza na pasipo kumhubiria. Mwulize wasema nini na kwa nini aupenda. Kisha, kama moyo wake umefunguka, msomee hiyo Zaburi ya 88 na kumwambia hii nayo ni nyimbo ya kanisa. Huenda akashangaa. Na ukimsikia akinena kwamba uhai wake hauna maana, au kwamba heri asingalizaliwa, usimwache peke yake usiku huo, wala usingoje Jumapili. Mwite mjomba, mwite mzee wa kanisa, mpeleke hospitali ya Msambweni wakamwone. Hata Eliya alipoomba afe, chini ya mretemu, malaika hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Zisomeni habari hizo katika 1 Wafalme 19.

Huku kwetu tunao mateka wetu wenyewe. Kule Shimoni, mbele ya Wasini, kuna mapango ambamo husimuliwa kwamba watumwa walifungiwa wakingoja majahazi ya kwenda Unguja. Roger Whittaker, mwimbaji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1936, aliyatungia wimbo. Nyimbo za watumwa wenyewe, zile walizoziimba mle ndani, hatunazo. Hapakuwa na mwandishi pangoni. Kila tuingiapo mle na vijana wa kipaimara, twawaomba wanyamaze dakika moja, nao husikia popo na matone ya maji. Lakini mwaka 1875 wamisheni wa CMS walifungua makao ya watumwa waliookolewa pale Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na sehemu kubwa ya kanisa letu la pwani ilianza kwa watu wa namna hiyo, waliotolewa majahazini, wasiojua tena njia ya kwao. Walioimba tenzi za kwanza katika pwani hii walikuwa watu waliokuwa na sababu zote za kuvitundika vinubi vyao.

Na Bwana wetu mwenyewe aliimba. Marko, sura ya 14, aya ya 26, asimulia kwamba baada ya kile chakula cha usiku waliimba, kisha wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Alijua aendako. Saa chache baadaye alikuwa kifudifudi, akiomba kikombe kimwondokee, na kesho yake msalabani alililia neno la kuanzia la Zaburi ya 22, lile la mtu aliyeachwa. Mbingu hazikujibu siku ile. Jumamosi nzima hazikujibu. Wanafunzi wake waliipitisha Jumamosi ile wamejifungia, pasipo wimbo wowote, wasijue kama twavyojua sisi kwamba Jumapili yaja. Twamwamini Mungu aliyemfufua Yesu, na kwa hiyo hatuogopi kuketi na kijana katika Jumamosi yake, hata ikiwa ndefu.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, twakuletea usiku huu wapiga gitaa na wapiga ngoma wa Diani, walioitwa na wasioitwa. Mkumbuke yule ambaye msimu umepita na hakupata hata wiki moja ya kazi. Mkumbuke mama aketiye macho akisikiliza sauti ya simu kupitia ukutani. Wakumbuke wa Ramisi, na waliokimbia Likoni, na waliopigwa katika msako. Wakumbuke na jirani zetu Waislamu, ambao watoto wao wakesha na kilio hiki hiki. Bwana, mpaka lini? Tusikie. Kwa jina la Yesu Kristo, aliyeimba usiku ule. Amina.